Jina la Daisy: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi wa Nyanda za Juu Kusini

Haya ni maswali ya wazazi wa Mbeya, Iringa na Njombe ambao wameshalipenda jina la Daisy lakini bado hawajaliandika popote. Mengine yanatoka kwa mama, mengine kwa baba, na yale magumu zaidi yanatoka kwa bibi.

Daisy maana yake nini?

Ni jina la ua. Limetokana na Kiingereza cha kale, na maana yake ni "jicho la mchana", kwa sababu ua hilo hujikunja jioni na kufumbuka tena jua likitoka. Ukibanwa kwenye kikao cha familia, jibu hilo linatosha.

Ni ua gani hasa? Mimi sijawahi kuliona.

Daisy ya kwao Ulaya ni ua dogo linaloota lenyewe kwenye nyasi fupi. Wataalamu wa mimea wanaliita Bellis perennis. Katikati lina kitufe cha njano, kimezungukwa na petali nyembamba nyeupe, na wakati mwingine ncha zake zina wekundu kidogo.

Ukilitazama kwa karibu utagundua kwamba si ua moja. Kile kitufe cha njano ni maua madogo mengi yaliyobanana, na kila unachokiita petali nyeupe nacho ni ua linalojitegemea. Ndivyo ulivyo ukoo mzima wa mimea hii, na ukoo wenyewe ni mkubwa: alizeti imo, letusi imo, na pareto, lile zao la kutengenezea dawa za wadudu, imo. Kwa hiyo kama umewahi kupita Umalila au Makete wakati pareto imechanua, huwezi kusema hujawahi kuona ua la sura hiyo. Mwonyeshe mkulima wa huko picha ya daisy, atakuuliza shamba ni la nani.

Kwa hiyo Daisy ndiyo pareto?

Si mmea uleule, ila ni ndugu wa ukoo mmoja, na wamefanana mno. Nakaa kidogo kwenye swali hili kwa sababu ndilo linalolitofautisha jina hili kwetu na linavyosikika Dar es Salaam au London.

Pareto nayo ni mgeni aliyezoea. Asili yake ni Dalmatia, pwani ya bahari ya Adriatiki, nchi ambayo leo ni Kroatia. Inataka miinuko yenye baridi. Usiku wa baridi ndio unaoisukuma itoe vichwa vya maua. Ukiipeleka kwenye joto la bondeni itakupa majani ya kupendeza, maua hutayaona. Ndiyo maana hapa kwetu imeshika kwenye milima ya Mbeya, Njombe na Iringa, na ndiyo maana kiwanda cha kuisindika kiko Mafinga.

Maua yake huchumwa kwa mkono, kichwa kimoja kimoja, yakishafunguka. Kisha huanikwa mpaka yakauke vizuri, kwa sababu yakifungwa mabichi yanavunda na bei inaanguka. Kinachotafutwa ndani yake ni sumu ya asili inayoua wadudu, na sehemu kubwa ya sumu hiyo iko kwenye vimbegu vilivyofichwa chini ya kile kitufe cha njano. Inatumika kwenye dawa za kuua mbu na wadudu wengine wa nyumbani, na inasifiwa kwa sababu mwanga wa jua huivunja haraka, haikai kwenye mazingira muda mrefu. Mbu na nzi haiwaachi. Samaki na nyuki pia inawadhuru, jambo ambalo wanaoisifu husahau kulitaja.

Sasa turudi kwenye jina. Kule Ulaya, Daisy linabeba picha ya unyenyekevu, utoto na usafi wa moyo: ua la kila mtu, lisilo na miiba wala gharama. Kwetu ndugu yake amelipa ada, ameezeka nyumba, na amenunua ng'ombe. Mzazi wa Nyanda za Juu anayemwita binti yake Daisy ana haki ya kuchukua picha zote mbili, na kwa maoni yangu hiyo ya pili ina uzito zaidi.

Nimeambiwa Daisy na Magreth ni jina moja. Inawezekanaje?

Inawezekana, na njia yake imepitia Ufaransa. Margareta linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya lulu. Wafaransa wakalitumia jina hilohilo, Marguerite, kwa mwanamke na kwa ua jeupe linalofanana na daisy kubwa. Waingereza walipoona Marguerite ni jina la mtu na la ua pia, wakaanza kuwaita akina Margaret wao Daisy kwa utani wa nyumbani. Baadaye, katika karne ya 19, likaanza kusimama lenyewe. Ni wakati ambao Uingereza ilishikwa na mtindo wa kuwapa mabinti majina ya maua na mimea: Rose, Lily, Violet, Ivy.

Mfano mzuri uko kwenye familia za kifalme za kaskazini mwa Ulaya. Margaret wa Connaught, mjukuu wa Malkia Victoria, aliolewa Sweden mwaka 1905 na ndugu zake walimwita Daisy. Alifariki mwaka 1920. Mjukuu wake, Margrethe wa Pili wa Denmark, alizaliwa mwaka 1940 na akarithi vyote viwili, jina na lile la utani. Alitawala kuanzia mwaka 1972 mpaka alipong'atuka Januari 2024, na wa nyumbani kwake walimjua kwa jina la Daisy. Mtu wa Tukuyu au Kilolo hahitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili: mjukuu kubeba jina la bibi ni mila anayoijua vizuri.

Hapa pana nafasi kwa familia yenye bibi Magreth. Mtoto anaweza kuandikwa Magreth kwenye cheti na kuitwa Daisy nyumbani. Bibi atajua kwamba ni yeye aliyerithiwa, na mama atapata jina alilolitaka.

Je, linafaa kwa ubatizo?

Kwa Wakatoliki: Daisy si jina la mtakatifu, lakini si jina baya. Sheria ya Kanisa, kanuni namba 855, inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie kwamba mtoto hapewi jina lililo kinyume na hisia za Kikristo. Ua halina ubaya huo. Hata hivyo mapadri wengi wanapenda kusikia jina la mtakatifu, na ukitaka kuepuka mjadala siku ya semina ya ubatizo, ongeza Margareta. Watakatifu wa jina hilo hawakosekani. Yupo Margareta wa Antiokia, sikukuu yake 20 Julai, ambaye kwa karne nyingi wajawazito wamemwomba awasaidie wajifungue salama. Yupo Margareta wa Uskoti, 16 Novemba, malkia aliyekumbukwa kwa kuwahudumia maskini. Na yupo Margareta Maria Alacoque, 16 Oktoba, mtawa wa Ufaransa ambaye ibada ya Moyo Mtakatifu wa Yesu inahusishwa sana naye.

Kwa Wamoravian na Walutheri, ambao wamekuwa kwenye milima hii tangu mwaka 1891, sijaona jina hili likileta shida kanisani. Shida huwa nyumbani.

Mama mkwe anasema ua hunyauka, kwa nini mtoto aitwe kitu kinachonyauka?

Hiyo ndiyo shida yenyewe. Mama mkwe ana Isaya 40 mkononi, na hapo mstari wa 8 unasema wazi kwamba majani hukauka na ua hunyauka. Usibishane naye kwa sauti. Mpe na Mathayo 6:28, "Fikirini maua ya mashamba, jinsi yameavyo", ambapo Yesu anayatumia maua yaleyale kufundisha kwamba Mungu huvika hata kile kisichofanya kazi wala kusokota.

Kama mama mkwe huyo ni mkulima, kuna jibu fupi zaidi: mwambie pareto huuzwa ikiwa imekauka.

Sisi ni Waislamu. Linaturuhusu?

Sharti kubwa ni jina liwe na maana njema, na Daisy halina maana mbaya. Lakini nikiulizwa kwa dhati, ningesema kwamba familia ya Kiislamu ina majina ya maua yenye mizizi mirefu zaidi kwenye dini na utamaduni wake: Yasmini au Asumini, Warda au Waridi, Raihana, Zahra. Yana utamu ambao Daisy halina, kwa sababu ni majina ya harufu. Pwani ua hupendwa kwa kunukia, likawekwa kwenye nywele, kwenye kitanda cha maharusi na ndani ya marashi. Daisy halina harufu ya kusifiwa. Ni ua la kutazamwa.

Akishakuwa mtu mzima, jina halitakuwa la kitoto?

Wanaouliza hili wanasahau tulipo. Akijaliwa mtoto ataitwa Mama Fulani, na Daisy litabaki kwenye kitambulisho, benki na kwa marafiki wa shule. Zaidi ya hapo, jina huchukua uzito wa anayelibeba. Nchini Marekani kulikuwa na Daisy Bates, mwanamke mweusi wa jimbo la Arkansas aliyekuwa akiendesha gazeti pamoja na mumewe. Mwaka 1957, wanafunzi tisa weusi walipozuiwa kuingia shule ya sekondari ya wazungu katika mji wa Little Rock, nyumba yake ndiyo iliyokuwa mahali pao pa kukutania na kupangia mambo. Wabaguzi walivunja madirisha yake kwa mawe, naye hakurudi nyuma. Hakuna aliyemwona wa kitoto kwa sababu ya jina.

Vipi kuhusu yule bata wa katuni?

Yupo, anaitwa Daisy Duck, na alianza kuonekana kwa jina hilo mwaka 1940. Ndiyo, wenzake wa chekechea watamtania. Watoto wa chekechea humtania kila mtu.

Niandike Daisy, Deizi, Deisy au Deizy?

Chagua moja na usiibadilishe. Kati ya maswali yote ya ukurasa huu, hili ndilo linaloweza kukugharimu fedha.

Ukiandika kwa Kiswahili, Deizi ndiyo tahajia inayofuata matamshi, na mtu yeyote ataisoma sawa. Ukiandika Daisy, utafuata tahajia inayojulikana dunia nzima, lakini ujue kwamba kila karani atakuuliza herufi. Zote mbili zinakubalika. Kibaya ni kuwa na Daisy kwenye kadi ya kliniki, Deisy kwenye cheti cha kuzaliwa, Desy kwenye orodha ya darasa la saba, na Dayzi kwenye cheti cha kidato cha nne. Binti wa namna hiyo anapofika kuomba kitambulisho cha taifa, mkopo wa chuo au pasipoti, anaambiwa athibitishe kwamba watu hao wanne ni mmoja, na hapo ndipo safari za kwa wakili na viapo vya mahakamani huanza.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano mambo ni rahisi. Mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, wa kusajili watoto wa umri huo ulianzia Mbeya mwaka 2013, baadaye ukafika Iringa na Njombe na mikoa mingine. Cheti kinatolewa bila malipo kwenye vituo vya afya vinavyotoa huduma ya mama na mtoto, na kwenye ofisi za watendaji wa kata. Nenda na jina umeliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Usilitamke tu ukategemea karani atasikia ulivyokusudia, maana kuna kelele, kuna foleni, na kuna watoto wanalia. Kabla hujaondoka dirishani, soma cheti herufi kwa herufi, na jina la baba pia.

Wazee kijijini wanasema "Deisi". Niwarekebishe?

Hapana. Kinyakyusa hakina sauti ya z, na babu aliyekulia Kinyakyusa atatamka s bila hata kujua amebadilisha kitu. Ni yuleyule aliyemwita Zakaria Sakalia miaka yote hiyo na Zakaria akaitika. Mtoto atajua kuitika kote kuwili.

Nataka aliunganishe na jina la nyumbani. Yapi yanakaa vizuri?

Kwa Wanyakyusa una hazina kubwa, kwa sababu majina mengi ni sentensi nzima za kumshukuru Mungu. Atupele ni "ametupa". Atuganile ni "ametupenda". Lugano ni upendo, Lusajo ni baraka. Daisy Atupele linatamkika vizuri, na maana zake zinasaidiana: mmoja anataja zawadi, mwingine anasema ilikotoka. Daisy Lugano nalo ni zuri na fupi, linaingia kwenye fomu yoyote. Lugano na Lusajo huwakuta hata wavulana, kwa hiyo usishangae.

Kwa Wahehe, Wabena na Wakinga ushauri wangu ni tofauti kidogo: anza na jina la mtu kabla ya kutafuta maana. Muulize shangazi ni mama yupi wa ukoo ambaye jina lake halijarithiwa. Jina hilo likipatikana, liweke kwanza kwenye cheti, Daisy lifuate. Mtoto aliyebeba jina la mkubwa anaheshimiwa na watu wazima tangu akiwa mgongoni, na kuna wajomba watakaomwamkia "kamwene, bibi" kwa mzaha wenye upendo ndani yake. Daisy peke yake halimpi hilo.

Ule mchezo wa kuchuma petali, "ananipenda, hanipendi", unahusiana na ua hili?

Ndilo lenyewe, au lile kubwa la Marguerite. Mchezo unahusishwa na Wafaransa. Unachuma petali moja unasema ananipenda, ya pili hanipendi, na petali ya mwisho ndiyo jibu. Ushauri kwa wasichana wa sekondari: pareto ya watu msiiguse kwa mchezo huo. Kila kichwa ni hela ya mtu.

Wapi naweza kuona maua ya jamii hii porini?

Kitulo. Tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa, ipo kwenye uwanda wa juu kati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,600. Wenyeji waliita Bustani ya Mungu muda mrefu kabla ya bango la hifadhi. Ina aina zipatazo 350 za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi zinazoota ardhini, na maua ya sura ya daisy yamo mengi. Nenda kati ya Desemba na Aprili. Ndiyo, ni msimu wa mvua, utalowa na gari litateleza, lakini maua hayachanui kwa kufuata ratiba ya wageni. Ukitokea Mbeya unaweza kupandia Chimala kuelekea Matamba kwa ile barabara iitwayo Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Mwenye kichefuchefu cha gari akae mbele.

Usichume wala kung'oa chochote. Okidi za eneo hili zimeteswa sana na biashara ya viazi vyake, vinavyopelekwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda, na kuzilinda ni mojawapo ya sababu za hifadhi kuwepo.

Kama si Daisy, kuna majina gani mengine ya maua yasiyochosha?

Flora lipo sana mikoa hii. Ni jina la mungu wa maua wa Warumi wa kale, ingawa akina mama wengi waliolibeba hawakuambiwa. Lilian na Roza hayana haja ya utambulisho. Violet limeanza kurudi.

Ninalolipenda zaidi ni Susana. Watu hawalihesabu kama jina la ua, kumbe kwa Kiebrania ni yungiyungi, na Luka 8:3 inamtaja Susana kati ya wanawake waliomhudumia Yesu kwa mali zao. Hadasa nalo linatokana na mmea, mhadasi, wenye maua meupe. Ndilo jina la pili la Esta kwenye Esta 2:7. Na lipo Maua, la Kiswahili moja kwa moja, ambalo siku hizi limepata maisha mapya kwa sababu ya vijana wanaosema kila mtu "apewe maua yake".

Ufupisho wa Daisy ni upi?

Dei, Dee, Dezi. Hutachagua wewe, watachagua watoto wa jirani.

Naweza kupanda daisy nyumbani siku atakayozaliwa?

Unaweza, hali ya hewa ya Mbeya, Mafinga na Njombe inaziruhusu. Kwenye vitalu vya kando ya barabara ulizia maua ya daisy, na ukipewa yale makubwa ya rangi kali za nyekundu na chungwa, hiyo ni gerbera, ndugu mwingine wa ukoo huohuo mwenye asili ya Afrika Kusini, ndiye anayeonekana sana kwenye kumbi za harusi. Panda penye jua, usimwagilie mpaka udongo ukawa tope, na katakata vichwa vilivyokauka ili vingine vitoke. Mbuzi wa jirani ni suala jingine, weka uzio.